Ukoo wa Chapman ulianzia sokoni

Sijawahi kumwambia mtu: shuleni nilikuwa nasema mama anafanya kazi ofisini.

Leo Chapman, Mwingereza wa darasa letu, akaropoka mbele ya wote. "Nimemwona mama yako kwenye soko la nguo la Shisanhang, anaburuta viroba. Kumbe mchuuzi!"

Wakacheka.

Lakini majina ya koo ni ugonjwa wangu, nimeyasomea kitabu kizima. Nikasimama.

"Chapman ni Kiingereza cha kale. Maana yake mchuuzi. Wazee wenu walitembeza bidhaa kijiji hadi kijiji."

Mwalimu akatazama kamusi. "Ni kweli kabisa."

Darasa likalipuka! Chapman akawa mwekundu, kisha akacheka mwenyewe. "Basi tumeshakuwa ndugu."

Jamani, NIMESHINDA.

Saa tisa nikaenda Shisanhang nikiwa nimevaa sare yangu ya shule, nikamsaidia mama kukunja magauni hadi jioni.