Shahidi wa Njia ya Askerby

Kwamboka hajawahi kushtakiwa Uingereza. Hakukamatwa, hakufukuzwa, wala hakuna polisi aliyemtafuta hadi Texas. Maneno hayo yalizaliwa Missouri City, pembeni ya Houston, kwenye karamu ya ubatizo, pale Mkenya mwenzetu Nderitu aliposimulia kwamba alipita Grand Prairie kurudisha sufuria akamkuta Kwamboka mbele ya kompyuta, amevaa suti ya kanisani, anahojiwa na wakili Mzungu. Habari zilipofika Irving, jirani na Dallas, Kwamboka alikuwa tayari ameiba dawa za wazee. Nderitu aliona sawasawa. Alichokosa ni subira ya kuuliza. Kwamboka alikuwa shahidi. Na kwa kuwa yeye ni dada ya marehemu Mogaka, mume wangu, na ukoo huu haujazoea kupakwa tope, habari na isimuliwe ilivyokuwa.

Kabla ya kuja Marekani, Kwamboka alifanya kazi ya uuguzi katika nyumba ya wazee ya Askerby, kijiji kidogo cha Uingereza chenye nyumba za mawe na kanisa lililoinamia upande mmoja. Alipanga chumba ng'ambo ya bonde, upande wa kinu, yaani kiwanda cha zamani, na kila asubuhi alikwenda kazini kwa miguu, kwa njia iliyokatiza katikati ya shamba la mzee mmoja aliyeitwa Tuffin.

Wazee aliowaogesha na kuwalisha ndio waliomfundisha njia ile ni nini. Ilikuwepo kabla ya kanisa lenyewe kujengwa. Watu wa upande wa kinu hawakuwa na makaburi, kwa hiyo kwa karne nyingi walibeba maiti zao kwa njia ile, na katikati yake kuna jiwe bapa ambapo wabebaji waliweka jeneza chini, wakapumzika, wakanywa pombe kidogo, wakaendelea. Wasichana wa kinu waliipita alfajiri na viatu vya mbao. Vijana waliokwenda vitani waliagwa kwenye jiwe lile, na baadhi yao jiwe ndilo lililowaona mwisho. Kisha kinu kikafa, shule ikafungwa, duka likafuata, na basi likaacha kuja. Askerby ikabaki na wazee, kanisa na njia yao. Kwamboka aliyapokea hayo yote kama mtu anayepokea habari za kwao.

Miaka ikapita, Kwamboka akahamia Texas, na Tuffin akafa. Shamba likanunuliwa na tajiri wa mjini, ambaye alifunga lango kwa mnyororo. Wanakijiji wakaenda kuitetea njia yao. Sheria ya huko inasema njia ni ya umma ikiwa watu wameipita miaka na miaka, waziwazi, bila kuomba ruhusa ya mwenye shamba. Lakini waliokuwa wakiipita kila siku walikuwa wamelala makaburini, na wachache waliobaki walikuwa vibarua wa Tuffin, waliopita kwa ruhusa yake. Bibi mmoja, Maureen, katibu wa kanisa, akatafuta na kuuliza hadi akampata Kwamboka Grand Prairie.

Kwenye simu alimuuliza kama aliwahi kuomba ruhusa. Kwamboka akasema hapana, alikuwa akisalimu tu. Alisimama langoni, akamwita mzee, akangoja ajibu, akamuuliza habari za mguu wake na za ng'ombe, ndipo akapita. Maureen, kwa upole, akamshauri aeleze kutembea kwake tu na salamu aziache, maana upande wa pili utaziita ruhusa.

Juma lile Kwamboka hakuwa na raha. Alikipenda kile kijiji, na aliona wazi kwamba kinywa chake kingeweza kukipokonya kitu cha mwisho kilichobaki.

"Wifi," aliniambia huku akikanda unga wa chapati, "niape kwamba nilipita boma la mzee kila asubuhi kimya, kama mwizi wa kuku? Watu wa kwetu Keroka watauliza nililelewa na nani."

"Na njia ikipotea?"

"Itapotea nikiwa nimesema kweli."

Siku ya kikao cha kusikiliza kesi alitoka zamu, akaoga, akavaa suti, akaketi mbele ya kompyuta. Wakili wa tajiri alianza kwa adabu nyingi, akataka athibitishe kwamba alisimama langoni, na kwamba alimwita mzee. Kwamboka akathibitisha yote.

"Na ulingoja akujibu?"

"Nilingoja. Salamu ni ya watu wawili."

Wakili akatabasamu, akaketi. Huko Askerby, katika ukumbi wa kijiji, Maureen alionekana ameinamisha kichwa. Ndipo mkaguzi wa serikali aliyesikiliza kesi akamuuliza alifanya nini siku ambazo mzee hakuwepo.

"Nilisalimia ng'ombe, nikapita."

Ukumbi ukacheka. Mkaguzi akangoja watulie, akauliza kama mzee aliwahi kumkatalia.

"Mara moja. Mguu ulikuwa umemuuma usiku kucha, akawa na hasira. Akaniambia nizungukie barabarani."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwambia pole na mguu, mzee. Nikapita."

Wakili akasimama tena, safari hii bila tabasamu. "Yaani ulimpuuza mwenye shamba?"

"Sikumpuuza," Kwamboka akasema. "Nilikuwa nimemsalimu. Kuomba ni jambo lingine, na sikuwahi kumwomba njia ambayo wenzake walipitishia maiti zao."

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu. Uamuzi ulipotoka, mnyororo ulikatwa, na maneno ya Kwamboka ndiyo yaliyotajwa kuwa yenye uzito, kwa sababu alipita hata alipokatazwa, na hakuficha hata lililoweza kumwangusha. Hivi sasa watu wa Askerby wanapita. Maureen ametuma picha ya lango likiwa wazi, na ng'ombe wanatazama.

Kabla ya kikao kufungwa siku ile, wakili alikuwa amejaribu jambo moja zaidi. Alimuuliza Kwamboka kwa nini aliondoka Askerby ghafla, kama alikipenda kijiji hivyo. Kwamboka akamjibu kwamba ameitwa kuhusu njia. Mkaguzi akakubaliana naye.

Swali hilo sasa linazunguka Houston na Dallas, na wengine wameniletea hadi nyumbani. Jibu ninalijua, aliniambia kwa sababu mimi ni mke wa kaka yake. Kwangu hamtalipata.