Mtani Alivyompandisha Mume Wangu Lori la Nguvu Kazi

Mume wangu alikamatwa kwa uzururaji akiwa ameshika nyundo.

Na aliyemponza hakuwa adui. Alikuwa Gregori, mtani wake, mtu aliyekuwa akila kwangu kuliko kwake.

Tulieni, wajukuu, niwasimulie.

Ilikuwa themanini na tatu, tunakaa Temeke. Ndiyo ule mwaka wa operesheni ya Nguvu Kazi. Huna kitambulisho cha kazi, unapandishwa lori, unapelekwa kijijini ukalime. Chakula kilikuwa shida, mashamba yanataka watu, mjini watu wamejaa. Wakubwa wakapiga hesabu: watoe huku, wapeleke kule. Kwa kuisikiliza, ilipendeza kweli.

Sasa Mwishehe wangu alikuwaga fundi bati. Makopo matupu ya mafuta na ya maziwa, yeye anayakata, anayakunja, anayaunga, vinatoka vibatari. Ukiona nyumba ya mtaa wetu ina mwanga, jua Mwishehe kapita pale. Mie kando yake nakaanga mihogo, mwanangu Fakihi mgongoni.

Kazi tulikuwa nayo. Kitambulisho ndicho hatukuwa nacho. Angetupa nani, nyundo?

Gregori alikuwa nacho. Mnyamwezi yule, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Na Mzaramo na Mnyamwezi, kama mjuavyo, ni watani. Baba mkwe wangu alipofariki, Gregori alivaa kanzu ya marehemu, akajilaza kwenye jeneza tupu, akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Watu wakacheka huku wanalia. Halafu huyohuyo ndiye aliyechimba kaburi, koleo hakumwachia mtu.

Basi asubuhi moja mgambo wakaingia mtaani. Mkubwa wao akiitwa Theonest, mtu wa Bukoba, mgeni mjini, mpole mpaka unamwonea huruma na lile rungu lake.

"Ndugu, kitambulisho cha kazi."

Mwishehe akainua nyundo. "Hiki hapa."

"Ndugu, mimi sichezi."

"Na mie sichezi. Hizi kelele ulizozifuata hapa ulidhani ngoma?"

Theonest akakuna kichwa. Niliona kabisa anatafuta njia ya kumwacha. Akageuka, akamwona Gregori anatoka zamu, ovaroli limejaa pamba, kitambulisho kinaning'inia kifuani.

"Ndugu mfanyakazi, unamfahamu huyu? Ana kazi?"

Neno moja tu lingetosha: anayo.

Gregori akamtazama Mwishehe, macho yakaanza kucheka. Mtani ukimpa nafasi kama ile, umemwachia paka kitoweo.

"Huyu? Huyu Mzaramo? Hana kazi huyu! Kazi yake ngoma na kulala. Mchukueni! Jembe hajawahi kuliona, akiliona ataliamkia shikamoo!"

Mtaa mzima ukaangua kicheko. Mie nilicheka mpaka muhogo ukaungua. Mwishehe mwenyewe alicheka.

Theonest hakucheka.

"Shahidi kasema. Mpandisheni."

"We! Afande!" Gregori akaruka. "Natania! Huyu mtani wangu!"

"Utani ni nini?"

"Ni... yaani mie namtukana, yeye ananitukana, halafu tunakula pamoja."

"Kwetu mtu akikutukana, huli naye. Twende."

Kicheko kikakatika. Mume wangu yuko juu ya lori, kati ya muuza kahawa na fundi viatu, nyundo bado mkononi. Nina mtoto mdogo mgongoni, na hakuna anayejua waliochukuliwa watarudi lini, au kama watarudi. Machozi yakaanza kunitoka.

Gregori akaniona. Akakivua kile kitambulisho, akanitia kiganjani.

"Shemeji, nishikie."

Akalifuata lori. "Afande, na mie sina kitambulisho."

"Nimekiona sasa hivi!"

"Nipekue."

Theonest akampekua kweli. Hana. Sheria ni sheria, akampandisha. Lori likaondoka, watani wawili wanatukanana humo mpaka wakapotea barabarani.

Haukupita muda, mtaa ukapooza.

Kahawa hakuna. Sie wauza mihogo tunajificha, wafanyakazi wanaingia zamu na njaa. Viatu vimefungua midomo. Vibatari vinavuja, hakuna wa kuziba. Wenye vitambulisho ndipo wakagundua kuwa walikuwa wakilishwa na kumulikwa na watu wasio na kazi.

Mie nikadandia lori la mihogo linalorudi Chanika, walikopelekwa. Dereva alikataa nauli, akampa Fakihi kipande cha muwa anyonye.

Huko nikakuta vituko. Watu wamejaa, majembe ya kuhesabu. Wanakaa kivulini kusubiri zamu ya jembe! Mjini walikuwa na kazi bila kitambulisho. Kijijini serikali inawatambua, kazi ndiyo haipo.

Gregori alikuwa analima huku anaimba. Mwishehe viganja vimechubuka vyote. Jembe lilikuwa limemshinda, Gregori hakudanganya sana. Alikuwa amerudia makopo yake, anaziba ndoo za wanakijiji.

Nikiwa palepale, likaja lori jingine. Akashuka Theonest, kakumbatia kitu kilichofungwa kwenye kanga.

Kibatari.

"Fundi," akasema, sauti chini, "kinavuja. Mke wangu anakaribia kujifungua, nitamwachaje gizani? Temeke nzima sijapata wa kuziba."

Mwishehe akakipokea. Akakigeuza huku, akakigeuza kule.

"Ndugu," akamwambia, "kitambulisho?"



Halafu Theonest akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini.

Mwishehe akakiziba, hakutaka hata senti. Theonest akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji. "Huyu fundi aliletwa kwa makosa. Shahidi alikuwa anatania."

Gregori akamdaka njiani. "Afande, sasa umejua utani ni nini?"

"Nimejua. Ni kumponza mwenzio, halafu unapanda naye lori."

Tukaambiwa tupande turudi. Mie na Mwishehe tukapanda. Gregori hakupanda.

"Shemeji, kitambulisho warudishie kiwandani. Kule kila siku mashine imelala, eti vipuri hakuna. Jembe halingoji vipuri."

Aliyepelekwa kwa nguvu akarudi. Aliyejipeleka akabaki. Na miaka yote iliyofuata, mihogo niliyowakaangia watu wa kile kiwanda ilitoka shambani kwa Gregori.

Mwaka jana Mwishehe wangu alifariki.

Gregori alikuja na mkongojo. Wanaume walipoinua jeneza, akasimama mlangoni, akapaza sauti:

"Hana kazi huyu! Mchukueni!"

Tulicheka, tukalia. Halafu akautupa ule mkongojo, akaingiza bega chini ya jeneza. Vijana wakambembeleza awaachie. Hakuachia mpaka makaburini.

Basi wajukuu, mkisikia fulani hana ajira, msimcheke haraka wala msimpakie lori haraka. Ulizeni kwanza kibatari chenu kinazibwa na nani.