Hema la Mlango Mmoja

Mvua ya Tukuyu ina sauti yake kwa kila kitu inachokiangukia. Kwenye bati hupiga kelele mpaka watu waliokaa chumba kimoja waongee kwa ishara. Kwenye majani ya mgomba hudunda polepole, kama mtu anayepiga ngoma kwa viganja. Lakini sauti ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ya maji juu ya nailoni, nyepesi na kali, kama bisi zinazopasuka ndani ya sufuria yenye kifuniko. Niliisikia mara ya kwanza nikiwa darasa la nne, sokoni Tukuyu, mchana wa jua, na wala haikuwa mvua. Lilikuwa debe la maji ambalo baba yangu alikuwa akilimimina juu ya hema la mtumba huku nusu ya soko ikimshangilia.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipoachia biashara huru. Vitu tulivyozoea kuvisikia tu katika simulizi za watu waliotoka Mbeya mjini vilianza kupanda mlima vyenyewe. Sabuni za kunukia zilipangwa juu ya meza barabarani, redio ziliimba kutoka kila kibanda, na marobota ya mitumba yalikatwa kamba asubuhi mbele ya wanawake waliokuwa wameshakunja mikono ya nguo zao tayari kwa kugombania. Baba alikuwa ameacha kazi ya kupima majani ya chai na kuanza kununua ndizi vijijini na kuzipeleka Mbeya kwa lori. Aliiamini miaka ile kwa moyo wote. Kila alichokileta nyumbani, hata kama ni tochi, alikishika juu kwanza ili sote tukione, kisha akasema, "Dunia imefunguka."

Hema lilitafutwa kwa ajili ya babu, baba yake baba. Sisi tulikuwa watu wa makambi. Kila likizo ya katikati ya mwaka, familia za kanisa letu zilihamia kwenye uwanja mmoja mpana kule Kinyala, zikakaa wiki nzima kwa mahubiri, kwaya na kupikiana. Tulikuwa tukilala katika vibanda vya mianzi vilivyoezekwa kwa majani ya mgomba, ambavyo siku ya kwanza vilinukia vizuri na siku ya nne vilianza kuvuja. Mwaka uliotangulia babu alilowa humo, akapata homa ya mapafu, akashushwa hospitali kwa machela. Muuguzi alimkataza kabisa kulala penye unyevu. Lakini babu alikuwa ameimba besi katika makambi yale tangu alipokuwa kijana, na tangu bibi afariki hakuwa na kitu kingine alichokingoja. "Nikikosa makambi," aliniambia, "mwaka kwangu haujageuka." Kwa hiyo ama ipatikane nyumba kavu ya kubeba, ama babu abaki peke yake na ng'ombe.

Hapa ni lazima nieleze jinsi mama yangu na babu walivyoishi. Boma letu karibu na ziwa Kisiba lilikuwa moja, nyumba mbili, na katikati migomba. Kwa desturi ambayo kwetu iliitwa kutila, mama hakuruhusiwa kumtazama baba mkwe wake, kuongea naye wala kuwa naye chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mama aliingia migombani akapiga magoti akiwa amejifunika kanga mpaka babu apite. Babu naye alikuwa na adabu yake: kabla ya kukata kona yoyote alikohoa, ili mama apate nafasi ya kuondoka. Tangu ile homa, kikohozi chake kilikuwa cha kweli, na mama, ambaye hakuweza tena kutofautisha, alishinda akikimbia huku na huko na ungo mkononi. Lililohitaji kusemwa kati yao nilitumwa mimi. "Mwambie babu yako ugali uko tayari." "Mwambie mama yako chumvi leo imekaa vizuri." Nilikwenda na kurudi na maneno hayo bila kuyapunguza wala kuyaongeza, na sikuona ajabu yoyote. Nilidhani kila boma lina mtoto wa kazi hiyo.

Basi siku ile tulishuka sokoni watatu, baba, mama aliyembeba mdogo wangu mgongoni, na mimi. Muuzaji alikuwa Mzee Salehe wa Bulyaga, mtu mwembamba mwenye kofia safi na mdomo usiopumzika. Alikuwa na mahema mawili yaliyotoka katika robota moja. La kwanza lilikuwa la turubai, kijani iliyofifia, zito kama gunia la mahindi mabichi, lenye viraka viwili na harufu ya ghala. La pili lilikuwa la nailoni, bluu na rangi ya chungwa, na lilitoka katika mfuko mdogo kiasi kwamba watu walidhani ni mwavuli. Mzee Salehe aliyasimamisha yote mawili mbele ya duka.

"Hili la kijani ni babu yake," alisema. "Hili la bluu ndiyo bibi harusi. Chagua mwenyewe, bwana, usije ukasema Salehe alikuoza kwa nguvu."

Baba aliyapima kwa utaratibu, maana upimaji ulikuwa umebaki kwenye damu. Aliyainua yote mawili. Alivuta kila kamba. Alimwingiza kijana mmoja ndani ya lile la bluu, akamwaga debe zima juu yake, na kijana alipotoka baba alimpapasa kichwa na mabega kama anayekagua majani ya chai. Makavu. Watu wakapiga makofi. Mama yeye hakushangilia. Aliingia katika hema la turubai kwa mlango wa mbele, akatokea kwa mlango wa nyuma. Nilimfuata nikaona kwamba ndani kulikuwa na ukuta wa kitambaa ulioligawa hema vyumba viwili, kila kimoja na mlango wake. Kisha akaingia katika lile la bluu, akakaa humo muda mrefu akishikashika dari na sakafu iliyoshonewa humohumo.

"Baba Atupele," alisema alipotoka, "hili lina mlango mmoja."

"Mlango mmoja ndiyo usalama! Mwizi atapitia wapi?"

Watu wakacheka. Mama akatazama chini. Kutaja baba mkwe na mahali pa kulala katika sentensi moja, mbele ya wanaume wa sokoni, lilikuwa jambo lisilowezekana kwa mwanamke wa malezi yake. Akasema tu, "La kijani ni imara." Mzee Salehe, ambaye nadhani alielewa kitu, akamwambia baba, "Msikilize mwenye nyumba." Lakini baba alikuwa ameshaanza kulikunja la bluu.

Jioni ile alilisimamisha uani. Babu alikohoa, mama akaingia jikoni, na mzee akalizunguka hema lake kwa fimbo, taratibu, mara mbili. Alilisifu rangi. Akalisifu zipu. Kisha akauliza, kwa sauti ya upole kabisa, "Na mke wako atalala wapi?"

Sijasahau uso wa baba. Mtu aliyekumbuka kupima kila mshono alikuwa amesahau desturi aliyoishi nayo kila siku, pengine kwa sababu haikumhusu yeye. Alikaa juu ya kinu. "Baba," alisema baadaye, "dunia imefunguka. Wazungu waliolitengeneza hili wanalala humo na wakwe zao."

"Na wanaongea nao?"

"Wanaongea. Hata kula wanakula nao."

Babu alifikiri. "Wana mioyo migumu," alisema.

Siku mbili zilizofuata nilichoka miguu. Mama alinituma nimwambie babu kwamba yeye na watoto watalala kibanda cha majani, hema ni la mzee. Babu akanirudisha: hawezi kulala pakavu huku mwanamke anayenyonyesha analowa, yeye atabaki na ng'ombe. Mama akanirudisha: basi ng'ombe atabaki nao yeye. Babu akanirudisha: makambi bila mama yenu, nani atatupikia, baba yenu? Baba alirudi mbio kwa Mzee Salehe, akakuta hema la kijani limeshachukuliwa na wapasua mbao. Kila mmoja alikuwa anampa mwenzake makambi yake, na kwa namna hiyo hakuna aliyekuwa anakwenda.

Mama ndiye aliyefungua fundo. Asubuhi moja alilizunguka lile hema, akaingiza mkono chini ya ukingo, akamwita baba. "Nililiona nilipokuwa ndani," alisema. "Limevaa shati na koti. Livue koti." Ilikuwa kweli. Hema lilikuwa la ngozi mbili: ya nje isiyopitisha maji, na ya ndani, nyepesi, yenye sakafu. Kumbe alilijua tangu sokoni, akawa analibeba kimya. Baba alikata mianzi, akatengeneza kiunzi cha pili, na likizo ile tulifika Kinyala na mahema mawili. Koti lilikuwa la babu, likatandikwa nyasi kavu na mikeka. Shati lilikuwa letu, likawekewa juu paa la majani ya mgomba. Babu aliniuliza mara kadhaa kama ni kweli sakafu iko upande wetu. Niliposema ndiyo, akakubali kulala.

Siku tatu zilikuwa nzuri. Ya nne, baada ya chakula cha mchana, mlima Rungwe ulipotea, kisha miti ikapotea, kisha mvua ikashuka. Baba alikuwa mbali akitafuta kuni. Uwanja ule una mteremko, na sisi tulikuwa upande wa chini. Majani ya paa yalisogea, maji yakaanza kuingia kwenye kona, na mdogo wangu akalia. Nilikuwa nimesimama nje na bakuli nikijaribu kuyageuza maji kwa mikono nilipomwona babu anatoka kwenye koti lake kavu na jembe begani.

Hakuja akitukabili. Aliligeuzia hema letu mgongo, akatazama kule mlima ulikokuwa, akaanza kuchimba mfereji kulizunguka hema akirudi kinyumenyume, ili asije akamwona mama hata kwa bahati mbaya. Maji yalimtiririka shingoni. Alikohoa, na hakikuwa kile kikohozi cha adabu. Kutoka ndani mama aliniita: "Mwambie babu yako aache!" Nikamwambia. "Mwambie mama yako namalizia." Nikarudi. "Mwambie muuguzi alimkataza!" Nikaenda. "Mwambie muuguzi hayupo Kinyala." Akachimba tena kidogo, kisha kikohozi kikamshika, akaegemea mpini, mabega yakitikisika.

Nikasikia zipu. Mama alitoa kichwa, kanga imemfunika mpaka machoni, akatazama tope, na kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake tena akapaza, "Taata, leka!" Baba, acha. Hakusema nami.

Babu alisimama wima. Hakugeuka. Mvua iliendelea, na mimi nilikuwa katikati yao na bakuli langu, nikijua kwamba jambo lisilosemeka limesemwa. Kisha babu akaniita kwa jina, taratibu, kama vile mimi ndiye niliyeongea. "Atupele. Mwambie mama yako nimesikia. Mwambie, ndaga." Yaani asante.

Alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Nilikwenda hata hivyo. "Mama, babu amesikia. Anasema ndaga." Mama akaingia ndani. Babu akaliacha jembe palepale na kurudi kwenye koti lake, na muda mfupi baadaye nilitumwa kumpelekea uji wa moto na kanga kavu ya kujifutia. Maji yalifuata mfereji. Siku ya kufunga makambi babu aliimba besi, si kwa nguvu, lakini mstari wake wote.

Homa haikurudi mwaka ule. Desturi nayo haikuvunjika. Mama aliendelea kupiga magoti migombani. Ila kitu kimoja kilibadilika. Nilianza kumsikia mama akimwambia mbuzi, kwa sauti ya kufika nyumba ya pili, kwamba ugali uko tayari. Na babu akawa anawaambia kuku wake kwamba leo mgongo haumsumbui. Nikawa sina kazi.

Hivi karibuni mimi na mume wangu tuliingia duka moja jijini Dar es Salaam kununua hema la kwenda nalo Rungwe na watoto, na baba mkwe wangu pia anakuja. Mzee huyu ananipigia simu kila siku, ananitania, ananitumia video za kuchekesha, tunakula sahani moja. Muuzaji alituonyesha la vyumba viwili na la chumba kimoja. Nikampigia mzee kumwuliza kama angependa chumba chake. "Mwanangu," alicheka, "mimi nakoroma tu, siumi." Tukachukua la mlango mmoja, na nilifurahi, kwa sababu mama yangu angetoa chochote ili aweze kucheka hivyo na mkwe wake.

Nililisimamisha sebuleni kulijaribu. Watoto waliingia wakapiga kelele humo. Mimi nilipapasa ukingo wake, nikaingiza vidole katikati ya koti na shati, nikasikiliza, kana kwamba kuna mtu nje aliyekohoa, anayengoja nimpe nafasi ya kupita.