Muuza sweta wa Isiolo anayeuliza kama nyumba ina dirisha

Saa tano asubuhi, jua la Isiolo limeshapanda na lami imeanza kunata kwenye soli za viatu. Kando ya steji ya magari yaendayo Timau na Nanyuki, Roda Ekuam anatundika makoti mazito kwenye kamba, moja baada ya jingine, huku jasho likimtiririka shingoni.

Roda ana umri wa miaka 23. Anauza nguo za baridi za mitumba katika mji ambao saa kama hii kila mtu anatafuta kivuli. Wateja wake ni wale wanaopanda kwenda kwenye baridi ya mlimani, na wengi hukumbuka sweta dakika ya mwisho, gari likiwa karibu kujaa.

Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni anasimama na kuchagua sweta ndogo ya manjano. Bei yake ni Sh150. Analipa bila kubishana, lakini Roda haiachilii sweta.

“Huko unaenda kulala, nyumba iko na dirisha?”

“Sijui. Mzee wangu ndio amepata kazi Nanyuki. Mimi naenda mara ya kwanza.”

“Na jiko mtaweka wapi mkilala?”

Mwanamke anakunja uso. “Dada, mimi nataka sweta. Gari inajaa.”

“Nimesikia. Jiko mtaweka wapi?”

“Nje!” anajibu kwa hasira, ili yaishe.

Hapo ndipo Roda anamkabidhi sweta. “Iwe nje hata kama makaa imeshika vizuri na haina moshi,” anamwambia. “Hiyo isiyo na moshi ndio mbaya.”

Umulkheir, anayeuza maziwa ya ngamia kwenye meza ya pili, ameyasikia haya mara nyingi hata hayahesabu tena. “Mtu anakuja kununua nguo, anahojiwa kama anatafuta kitambulisho,” anatania. Kisha anashusha sauti. “Lakini ile kitu ilimpata, hata mimi singenyamaza.”

Iliyompata Roda ilimpata Timau, mwendo usiofika saa mbili kutoka hapa, Julai ya mwaka 2022.

Yeye na mumewe, Ekuam, ni wazaliwa wa Gotu, huku chini kwenye joto la Isiolo. Walifunga ndoa kanisani mwaka 2021, wakati ukame ulikuwa umeshamaliza mbuzi wa familia zote mbili. Ekuam akasikia kwamba Timau kuna kazi ya kupakia viazi kwenye malori. Wakapanda na begi moja.

Kazi ilikuwepo. Baridi nayo ilikuwepo, na hawakuwa wamejiandaa kwa baridi ya namna ile. Mafuta ya kupikia yaliganda ndani ya chupa. Nguo zilizofuliwa Jumatatu zilivaliwa Alhamisi zikiwa bado na unyevu. Walilala na soksi, wakacheka, wakaitana mabaharia wa barafu. Koti lilikuwa moja kwa watu wawili. Aliyetoka nje ndiye alivaa, na aliyebaki ndani alijifunika blanketi akamsubiri mwenzake arudi nalo.

Anaposimulia siku hizo Roda hutabasamu, na si kwa kulazimisha. “Tulikuwa tunapendana vibaya sana,” anasema. “Hatukuwa na kitu, lakini tulikuwa tunacheka.”

Mei 2022 akajifungua msichana. Wakamwita Nakiru, jina la mvua kwa lugha yao, maana siku aliyozaliwa mvua ilinyesha kutwa nzima.

“Kwetu, mama akizaa, moto hauzimwi ndani ya nyumba,” anaeleza Roda. “Mama yangu, Jennifer, alinizaa hivyo. Sisi wote tumelelewa na moto.”

Nyumba walizokulia zilijengwa kwa fito na majani ya mikoma. Moshi ulipenya kila upande, na usingizi ulikuwa mtamu. Chumba chao cha Timau kilikuwa cha mabati, na kila tundu lililoingiza upepo walikuwa wameliziba kwa matambara, wakidhani wanamlinda mtoto. Hakuna aliyewahi kuwaambia tofauti ya nyumba hizo mbili. Walikuwa wazazi wa miaka 20 na 24, na walifanya kile walichofanyiwa na mama zao.

Asubuhi moja ya Julai, Ekuam alidamka kwenda kupakia lori. Aliwasha jiko nje kwanza, akalipepea mpaka moshi ukaisha wote. Akaliingiza ndani, akaliweka karibu na kitanda. Akamfunika Nakiru kwa lile koti na yeye akaondoka na shati tu. Alipofunga mlango, aliinama akasukuma gunia chini yake kutoka nje ili upepo usiingie.

Saa moja asubuhi jirani yao, mama mmoja Mmeru aitwaye Kajuju, alikuja kumletea Roda maziwa kama alivyozoea tangu ajifungue. Akagonga, kimya. Akaita, kimya. Akausukuma mlango kwa bega.

Roda alizinduka akiwa amelazwa kwenye nyasi za uani, anatapika, kichwa kinapasuka. “Nilimwona Mama Kajuju amembeba Nakiru ndani ya koti. Nilifikiri amelala. Hakuwa na alama hata moja.”

Anakunja sweta ambayo tayari imekunjwa.

“Hospitalini daktari alituuliza kama tulikuwa tumefunga nyumba. Ekuam akasema ndiyo daktari, tulifunga vizuri sana.”

Ni vigumu kuyasikia maneno hayo bila kuumia, na ni vigumu zaidi kumtazama anayeyasema. Daktari aliwaeleza kwamba makaa yaliyoshika hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na ndani ya chumba kilichofungwa hewa hiyo humaliza watu kimyakimya. Mtoto wa miezi miwili hakuweza kuihimili.

Walimzika Gotu. Baada ya mazishi Ekuam alirudi kazini Timau, kwa sababu Isiolo hakuwa amepata kazi ya maana. Roda alikataa katakata kupanda tena. Alikodi chumba mtaani Bulla Pesa, mjini Isiolo, cha Sh2,500 kwa mwezi na kuanza biashara ya nguo za baridi. Siku nzuri inamwachia Sh600, siku mbaya hakuna.

Ndoa yao imekuwa ya simu na ya wikendi moja kwa mwezi. Mtoto wao wa pili, Lowoi, ana miezi saba. Baba yake akija, analia hadi arudishwe kwa mama.

“Ananiona kama mgeni,” anasema Ekuam kwa simu, katikati ya kikohozi kirefu. Kikohozi hicho kina sababu. Kwa miaka mitatu sasa amekuwa akilala na mlango wazi katika baridi ile ile ya Timau. Akiulizwa kwa nini, anajibu kwa sentensi moja.

“Mimi ndio nilifunga mlango.”

Roda anasema hajawahi kumlaumu. Anachojua ni kwamba kila akifikiria kulala katika nyumba iliyofungwa na Ekuam, mwili wake unakataa. Wakwe wanauliza mwanamke gani huyu asiyekaa na bwana yake. Mchungaji ameomba nao mara mbili. Roda na Ekuam wote wanajua kwamba mambo yakiendelea hivi mwaka mwingine, hakutakuwa na ndoa ya kuokoa.

Mwezi uliopita Ekuam alihamia chumba cha mawe. Kina dirisha, na mwenye nyumba alimruhusu kutoboa tundu juu ya mlango. Alilitoboa mwenyewe, akamtumia Roda picha. Roda akaikuza kwenye simu, akaitazama, akajibu kwamba tundu ni dogo. Ekuam akachukua nyundo tena. Picha ya tatu inamwonyesha Ekuam amepitisha mkono mpaka kwenye kiwiko.

Wiki ya pili ya Agosti, Roda anapanga kumwacha Lowoi kwa bibi yake, Jennifer, na kupanda Timau kwa usiku mmoja. Jiko litabaki kwa Kajuju. Lakini ana sharti moja.

“Nataka nilale ndani peke yangu, na Ekuam afunge mlango kutoka nje, kama siku ile.”

Ekuam anaulizwa kuhusu sharti hilo kwa simu. “Hiyo bado sijamjibu,” anasema.

Kwenye steji, gari jingine limeanza kujaa. Roda anachukua sweta ya bluu, ndogo kuliko zote kwenye meza, anaikung'uta vumbi na kuitia ndani ya mkoba wake mwenyewe.

“Atafunga,” anasema. “Lazima iwe ni yeye. Na nikiamka asubuhi, nitamwambia tushuke tukachukue mtoto, tupande naye tukae pamoja.”