Alhamisi ya Kumaliza Betri

Ratiba niliiandika mwenyewe kwa wino mwekundu, nikaibandika ukutani juu ya chaja: ALHAMISI, KUMALIZA BETRI. Chini yake nikapiga mistari miwili kwa rula. Nilikuwa karani wa ofisi ndogo katika shamba la majani chai upande wa Kericho, katikati ya miaka ya tisini, na nilikuwa katika umri ambao mtu akikabidhiwa funguo tatu anatembea akizipigisha makusudi ili watu wasikie. Ufunguo mmoja ulikuwa wa ofisi, wa pili wa stoo, na wa tatu wa kabati la redio koli.

Redio koli ndiyo iliyokuwa fahari yangu. Ilikuwa nyeusi, nzito, yenye antena fupi ya mpira, na karibu nusu ya uzito wake ilikuwa betri. Kambi yetu ya wafanyakazi ilikuwa na mbili: moja ya supavaiza, aliyezunguka nayo mashambani, na moja ya mezani kwangu. Simu ya waya tulikuwa nayo zamani, lakini nguzo zilianguka kwenye mvua za mwaka uliotangulia na hakuna aliyekuja kuzisimamisha. Ukitaka kuzungumza na kiwanda, ni redio. Ukitaka ambulansi kutoka hospitali ya kampuni, kilomita kumi na moja za vilima na matope, ni redio. Muuguzi wa dispensari yetu alikuwa na dawa ya malaria, dawa ya vidonda na bendeji. Mama mjamzito akipata shida, muuguzi alituma mtu kwangu niite gari.

Aliyenifundisha habari za betri ni fundi wa redio aliyekuja mara mojamoja kutoka Nakuru. Hizi za kuchaji, aliniambia, si kama zile za tochi.

"Hii inakumbuka," alisema akiigonga betri kwa kidole. "Ukiichaji kila siku ikiwa na nusu, inazoea hiyo nusu. Siku moja utataka nguvu yote, itakwambia nusu ndiyo yote. So mara moja kwa wiki wacha iishe kabisa, ndiyo uirudishe kwa chaja."

Akanieleza na taa. Nyekundu ikitulia, betri inajazwa. Kijani, imeshiba. Na chaja si mjinga, alisema. Inaipima betri muda wote, na ikijaa, nguvu yake inashuka kidogo, kitu kidogo sana ambacho mtu hawezi kukiona, lakini chaja inakiona na inakata yenyewe. Nilimuuliza maswali mpaka akaanza kutazama saa yake. Ila sikumuuliza juu ya taa nyekundu kupepesa. Sikuwa nimewahi kuiona ikipepesa, na mtu haulizi kitu ambacho hajakiona.

Mke wangu alinicheka sana juu ya ile ratiba. Tulikuwa tumeoana mwaka mmoja tu. Kwao ni upande wa Mulot, kwa watu wa mahindi na ng'ombe, na baridi yetu ya Kericho aliichukua kama matusi. Nikijifanya mkubwa, hata nyumbani, aliniita Karani.

"Karani," alisema siku nilipomweleza, "hata ng'ombe tukikamua tunaachia ndama. Wewe unakamua redio mpaka ikauke?"

"Hiyo ni teknolojia, mama," nikamjibu.

Akacheka mpaka akashika tumbo. Alikuwa na mimba yetu ya kwanza, na alipocheka alilishika kwa mikono miwili ili lisitikisike.

Alhamisi ninayoisema, aliamka na mgongo ukimsumbua. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kwa hesabu ya kliniki. Alinimiminia chai, akasimama hapo hapo badala ya kukaa.

"Leo uko ofisi siku yote?"

"Niko."

"Na redio?"

"Redio iko mezani, na mimi niko mezani. Ukiona kitu, tuma mtu."

Maneno hayo niliyasema nikifunga kamba za viatu. Sikuinua hata uso.

Nilipofika ofisini niliiona ratiba, na hapa nataka kusema ukweli kwa sababu uongo wake nimeubeba miaka mingi. Nilikumbuka. Nilisimama na redio mkononi, nikaukumbuka mgongo wake, nikawaza kwamba nikiiruka Alhamisi hii nitairuka na ijayo, na ratiba itakuwa ya nini. Nikajiambia wiki tatu ni siku nyingi. Nikaiwasha, nikafungua sauti mpaka mwisho ili iishe haraka, nikaiacha ikikoroma juu ya meza.

Saa nane mchana ililia mara tatu, ikazima. Nikaandika kwenye daftari: imeisha. Siku nyingine ningeichomeka kwenye chaja hapo hapo, lakini trekta lilikuwa limefika na wachumaji walikuwa wamepanga foleni kwenye mizani na vikapu mgongoni, nami ndiye niliyepima. Nilipima majani kama dakika ishirini. Trekta likapakia, likaondoka kuelekea kiwandani, na mvua ya kila alasiri ikaanza kugonga mabati.

Hapo ndipo jirani yetu, mama wa nyumba ya pili kutoka kwangu, alipokuja akikimbia bila viatu.

"Karani, bibi yako anatoka damu. Damu mingi. Nesi anasema ita gari saa hii."

Supavaiza alikuwa ameenda mkutano makao makuu, na redio yake pamoja naye. Yangu niliibonyeza nikijua vizuri imekufa. Nikaibonyeza tena.

Kwetu Bomet, nilikokulia, hakuna asiyejua la kufanya betri zikifa. Unazianika juani. Kukiwa hakuna jua unaziweka kando ya moto. Mama yangu alikuwa akizipanga betri za redio juu ya jiwe la jikoni kabla ya matangazo ya vifo, na zikishapata joto zilitupa nusu saa nzuri ya kusikiliza nani amefariki na anazikwa wapi. Mikono yangu ilikumbuka jambo hilo kabla kichwa hakijakumbuka lolote la fundi. Pembeni mwa ofisi kulikuwa na jiko la makaa, la kuchemshia chai. Niliichomoa betri, nikaiweka ukingoni mwa jiko, ikiegemea makaa.

"Eeh, weka hapo," jirani akasema. "Itaamka."

Niliigeuza kila upande. Ilipokuwa haishikiki tena niliifunga kwa leso, nikairudisha kwenye redio, nikabonyeza. Iliwaka. Nikasema, "Ambulansi," na kabla sijataja kambi ikazima. Baadaye niliuliza kituoni kama kuna kitu kilisikika. Walisikia mkwaruzo, wakadhani ni radi.

Ndipo nikaikimbiza kwenye chaja. Taa nyekundu ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima. Niliitoa betri nikaipangusa kwa shati, nikairudisha. Ikapepesa. Nikatazama balbu ya ofisi, ilikuwa inawaka, kwa hiyo stima ilikuwapo. Nikatikisa waya, nikapiga chaja kwa kiganja, nikapuliza penye vyuma. Ikapepesa. Jirani alikuwa amesimama mlangoni na maji yakimtiririka, ananitazama kwa subira, kama watu wanavyomtazama mtu anayejua kazi yake. Ile subira yake ndiyo iliyonifunga pale. Niliona haya kuondoka mbele yake kabla chombo changu hakijanitii. Nilikaa na ile taa robo saa nzima.

Robo saa hiyo nimeirudia mara nyingi kuliko sala yoyote niliyofundishwa.

Mwishowe niliondoka nikikimbia kwa barabara ya chini kulifuata trekta, na nililikuta limekwama kwenye kivuko cha mto, dereva akiweka mawe chini ya tairi. Ningeondoka mara ya kwanza nilipobonyeza, ningelipata hapo hapo pia, mapema zaidi. Tulilisukuma, tukageuza, tukamwaga nusu ya majani kando ya barabara, tukarudi kambini. Wanawake walimlaza mke wangu juu ya magunia ya majani mabichi, tukamfunika kwa turubai. Nilikaa nyuma nikamshika kichwa kisigongwe na vyuma.

Tulipokuwa tunapanda mlima wa kiwanda alifungua macho.

"Karani, redio ilikataa?"

"Ilikataa," nikamwambia.

Akafumba macho. Nami nikashukuru kwamba amefumba.

Hospitalini walimwokoa yeye. Mtoto alikuwa ameshakwenda kabla hatujafika. Daktari alisema tungetangulia kidogo mambo huenda yangekuwa mengine, kisha akaniangalia usoni akaanza kuzungumza habari ya kuongezewa damu. Alikuwa msichana. Alikuwa na nywele nyingi.

Mama yangu alifika kesho yake kutoka Bomet akiwa na majina tayari. Kwetu mtoto anapozaliwa, wanawake wazima humtajia majina ya waliotangulia katika ukoo, moja baada ya jingine, mpaka apige chafya. Jina lililompigisha chafya ndilo lake, maana huyo ndiye aliyerudi. Mama alikuwa mtu wa kanisa, mwenye kiti chake cha mbele, na alijua alichoambiwa mlangoni. Hata hivyo aliomba apewe mtoto. Nilisimama nje nikamwona kupitia kioo. Alimwinamia sikioni akataja jina, akangoja. Akataja lingine, akangoja. Alipanda ukoo mzima hivyo, polepole, mpaka kwa bibi ambaye hata mimi sikuwahi kumsikia. Kisha akafunga shuka vizuri penye uso, akamrudishia nesi, akasema asante. Nililia pale penye kioo kama mtoto mdogo, na watu waliokuwa wanangoja dawa wakanipisha.

Mwezi uliofuata fundi alikuja. Nilingoja amalize kazi, nikamuuliza, kana kwamba ni jambo dogo tu, taa nyekundu ikipepesa maana yake nini.

"Hiyo ni joto," alisema. "Ndani ya betri kuna kitu inapima joto. Kama betri ni moto sana, chaja inakataa kuingiza chaji. Inangoja ipoe, ikipoa inaanza yenyewe. Kama haingengoja, betri inaweza kuharibika kabisa."

"Inapoa kwa muda gani?"

"Na hii baridi yenu? Nusu saa hivi. Kwani nani anachoma betri?"

"Hakuna. Na kama imeisha, lakini haina joto, uiweke tu?"

"Hapo inashika mara moja. Dakika mbili tatu unaweza kuongea maneno kidogo."

Alipokuwa anafunga begi aliiona ratiba yangu, akacheka kwa upole. Kila wiki ni nyingi, alisema, hata kwa mwezi mara moja yatosha. Habari za betri kukumbuka watu wanazitia chumvi. Tena ile redio ikizima, alisema, huwa haijaisha kweli. Inajizima yenyewe ikiwa na akiba kidogo ndani, kuilinda betri. Nilicheka naye. Alipoondoka nilibandua ratiba, na gundi ikaondoka na rangi ya ukuta.

Nilikuwa nimekisoma chombo kiasi kwamba nilijua kinavyoshiba na kinavyokumbuka, na sikujua kwamba kinajua kujiokoa. Kila kitu mezani pale kilijilinda siku ile: redio ilijilinda, chaja ikailinda betri, na mimi kule kwenye trekta nikajilinda kwa neno moja. Aliyebaki bila ulinzi ni yule ambaye hakupata jina.

Tulipata watoto wengine watatu, wazima, wenye chafya zao. Niliacha kazi ya kampuni, tukajenga Bomet, tukapanda chai yetu wenyewe. Redio koli hatukuitaja tena nyumbani. Nilidhani mke wangu amesahau, au nilidhani aliniamini, na miaka ikapita mpaka nikaanza kuliona lile neno langu kama ukweli wa aina fulani. Redio ilikataa. Kwani haikukataa?

Juzi binti yetu wa mwisho alikuja kututembelea. Tulikuwa tumekaa sebuleni baada ya chakula cha mchana, mvua inanyesha, naye mama yake akainuka na simu yake kwenda kuichomeka ukutani. Hufanya hivyo kila mara. Simu ya mke wangu, tangu siku aliyoinunua, sijaiona ikizima.

Binti akaichukua, akaitazama, akacheka.

"Mum, hii iko asilimia tisini. Simu za siku hizi zinajisimamia, hauhitaji kuziwekea chaji kila saa."

"Najua," mke wangu akasema.

"Sasa ya nini?"

Alimpokonya simu taratibu, akaichomeka, akangoja mpaka taa ilipowaka. Hakunitazama. Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa sauti ya mtu anayetaja jambo ambalo watu wote nyumbani wanalijua.

"Leo ni Alhamisi," alisema, akaenda kuniletea chai.