Vidole vya Keki

Wazazi wangu wanalea yatima nyumbani kwetu Mlandege, nami nimekua nao sahani moja. Jumamosi hazipiti bila mtu kuja kusherehekea bethdei yake na "malaika wa Mungu". Malaika! Juzi alikuja mama mmoja na mwanawe, keki na mpiga picha. Watoto wakapanga foleni, akawalisha kwa vidole, mmoja mmoja. Picha isipotoka vizuri, mtoto anaambiwa apanue mdomo tena, hata kama ameshameza. Na kila akitoa vidole kinywani mwa mtoto, anajipaka sanitaiza. Baba yangu anaona, anaitikia, "Bwana asifiwe!" Mwisho kabisa akamlisha mwanawe, kisha vidole vile akavilamba.