Mwanangu Hakimbii, Anarusha Tufe

Katika timu ya mbio za nyika ya shule yake ya sekondari huko Fridley, Minnesota, binti yangu alimaliza wa mwisho kila mara. Si kwa uvivu. Mungu alimpa mabega ya bibi yake mzaa baba na mapaja ya kusukuma gari lililokwama. Kocha wa shule alisikia tu kwamba sisi ni Wakenya, akampa viatu vya mbio kabla hata hajamtazama vizuri. Nami nilisimama kando ya uwanja na sare yangu ya kazini, nikimwona anatokeza kwenye miti peke yake, huku wazazi wengine wakimpigia yale makofi ya kumhurumia mtu. Niliyachukia makofi yale.

"Mama, mwambie kocha mimi si mkimbiaji," aliniambia siku moja garini, kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia vizuri, ila jibu lake hutoka kwa Kiingereza, kama watoto wote waliokulia hapa.

"Mwambie mwenyewe. Mdomo unao."

Akamwambia. Msimu uliofuata akahamia kwenye tufe, lile gololi kubwa la chuma linalorushwa kutoka ndani ya duara. Siku ya kwanza nilipomwona akirusha, waliosimama kupima umbali walirudi nyuma mbio. Makofi ya huruma yakaisha.

Alipokaribia kumaliza shule, mwanamke mmoja alinipigia simu nikiwa kwenye mapumziko kazini, katika makao ya wazee kule Golden Valley. Alikuwa kocha wa riadha wa chuo kikuu kimoja cha Kusini mwa Marekani, Mmarekani mweusi mwenye sauti nzito isiyo na haraka. Chuo chake kilianzishwa kwa ajili ya watu weusi enzi ambazo vyuo vingine viliwafungia milango, na hadi leo wanafunzi wake wengi ni weusi. Alitaka kumfadhili binti yangu asome na arushe tufe. Habari za mbio hakuzigusa kabisa.

"Anakula vizuri?" aliniuliza. "Akikasirika hufanya nini?"

"Hunyamaza," nikamwambia. "Halafu hurusha mbali zaidi."

Akacheka. "Basi nileteeni huyo."

Nilimpenda hapohapo. Kaka yangu hakumpenda. Kaka ndiye aliyetutangulia Marekani, ana ofisi katika kampuni kubwa, na katika ukoo wetu akishasema neno huwa limekwisha. Jumapili moja baada ya ibada alikuja kwangu na kina mama wawili wa chama chetu cha kanisani. Binti yangu akawamiminia chai, akaketi kwenye mkono wa kochi.

"Dada, hatukuvuka bahari ili mtoto aishie kwenye chuo cha watu weusi," kaka alisema.

"Kaka, wewe ni rangi gani?"

Mama mmoja akapaliwa na chai.

"Unajua ninachomaanisha. Hawa wana mambo yao. Sisi ni Waafrika."

Wiki hiyohiyo, mzee mmoja pale kazini alikuwa amekataa nimwogeshe. Alisema hataki kuguswa na mkono kama wangu. Sikuwa nimemweleza mtu yeyote, lakini siku ile nilieleza.

"Hakuniuliza kama nilizaliwa Nakuru au Alabama," nilimwambia kaka. "Aliona ngozi, ikamtosha. Sasa kuna watu waliofungiwa milango wakajijengea nyumba yao wenyewe. Wamemwita mwanangu aingie. Unataka nimwambie abaki nje kwa sababu gani?"

"Lakini si kuna vyuo hapahapa Minnesota?" mama wa pili akauliza kwa upole. "Vyenye majina."

"Kimoja kilimwambia aje ajaribu bahati yake, bila ufadhili. Kisha kikamuuliza kama anakimbia."

Kaka akafungua mdomo. Binti yangu akamwahi, tena kwa Kiswahili.

"Mjomba, nimeshaamua. Nitaenda."

Kaka aliondoka bila kumaliza chai yake.

Nilimpeleka mwenyewe kwa gari. Sitasema uongo: duara lao la kurushia lilikuwa na ufa, na chumba cha mazoezi kilikuwa darasa la zamani lenye feni moja. Kocha alibeba matufe nyuma ya pikapu yake na kuchora mistari ya uwanja kwa mikono yake. Lakini ukutani kulikuwa na picha za wanariadha wa zamani, watu waliosafiri wakila mkate ndani ya basi kwa sababu hakuna mkahawa uliokubali kuwahudumia, na bado wakishuka kwenye basi hilo kwenda kushinda. Binti yangu alizitazama moja moja. Nikajua sina haja ya kumwambia chochote.

Mwaka wake wa pili, wakubwa wa chuo walitaka kufuta michezo ya kurusha na kubakiza mbio tu. Warushaji hawakuondoka. Walifanya mazoezi mbele ya dirisha la utawala kila asubuhi, kocha akiwa nao, mpaka waliosoma pale zamani wakaanza kupiga simu kwa hasira. Wakubwa wakanywea.

Halafu majira ya baridi yaliyopita, timu yao ikaja kushindana Minneapolis, katika ukumbi wa ndani. Wasichana wale walishuka na vijaketi vyepesi vya kuchekesha. Yule mama aliyepaliwa na chai akaniletea makoti ya kuwavisha mpaka mlango wa nyumba ukawa haufungiki. Niliwapikia pilau na kuku, na kocha akajipakulia sahani ya pili bila kuombwa.

Siku ya mashindano, msimamizi wa kiume alisoma jina la binti yangu, akamwonyesha kwa upole upande wa pili wa ukumbi. "Wakimbiaji wanajiandikisha kule."

"Narusha," akamjibu, akaingia kwenye duara.

Mrusho wa kwanza haukuhesabiwa, alikanyaga ukingo. Wa pili ulikuwa wa kawaida. Kabla ya wa tatu alinyamaza kimya kile ninachokijua, na tufe likaenda likatua mahali ambapo hakuna aliyekuwa amefika mpaka wakati ule. Nikapiga kigelegele. Mlinzi akaja kuniomba nipunguze sauti.

"Huyu ni wangu," nikamwambia, nikapiga kingine, kirefu zaidi, na wasichana wa timu wakakidaka kwa kelele zao za Kusini.

Mwishowe wawili walimpita, akawa wa tatu. Hakuongea njia nzima kurudi nyumbani, nami nikamwacha na hasira yake.

Kaka hakuja. Hadi leo, watu wakimuuliza habari za mpwa wake, husema anasoma "huko Kusini," halafu hubadilisha mazungumzo. Nikiwa karibu, humalizia mimi. Nalitaja jina lote la chuo, taratibu, kisha naongeza kwamba ni chuo cha watu weusi, ili asiwepo wa kujifanya hakusikia.